Mshipa wa Ubongo Ukipasuka Mabatini, Tuanzie Wapi?

Kwa zaidi ya miaka 30 sasa, tiba ya mshipa wa ubongo uliovimba na kupasuka imekuwa ikibadilika mfululizo. Zamani njia ilikuwa moja: kunyoa nywele, kupasua fuvu, kuusogeza ubongo taratibu mpaka mshipa uonekane, kisha kuubana kwa klipu ya chuma. Leo, katika hospitali zenye vifaa, daktari huingia kupitia tundu dogo kwenye kinena au kifundo cha mkono. Hupitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa hadi kichwani na kuuziba uvimbe kwa ndani. Tanzania nayo imo. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ya Dar es Salaam, yenye dhamana ya upasuaji wa mifupa na ubongo, ilifungua chumba cha anjio kwa kazi hiyo mwanzoni mwa muongo huu.

Habari hizo ni njema, na zinastahili kupokewa kwa furaha. Lakini zina maana gani kwa mkazi wa Mabatini, Mwanza, aliye zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara kutoka kwenye chumba hicho? Je, Kanda ya Ziwa nayo idai chumba chake sasa hivi? Au kuna mambo ya kutangulia?

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kanda ya Ziwa ina haki ya kupata chumba hicho, na ina wagonjwa wa kukitosheleza. Hata hivyo wagonjwa wengi tunawapoteza kabla hawajafika popote penye chumba: nyumbani, dukani, zahanati, na kwenye foleni ya kipimo. Mpango wenye akili utaanzia huko, na chumba kitafuata.

Ugonjwa wenyewe

Mishipa mikubwa inayolisha ubongo hukutana chini yake na kufanya duara. Pale mshipa unapogawanyika, ukuta wake hupigwa na msukumo wa damu usiku na mchana. Kwa baadhi ya watu ukuta huo huchoka na kutuna, kama mpira wa ndani wa baiskeli unavyotoa kijipu mahali palipolegea. Uvimbe huo madaktari huuita anurizimu. Tafiti za kimataifa zinakadiria kwamba watu wazima 3 katika kila 100 wanao, na wengi huzeeka nao bila kujua.

Ukipasuka, damu humwagika kati ya ubongo na utando unaoufunika. Maumivu ya kichwa huja kwa kishindo na kufika kileleni ndani ya sekunde chache au dakika moja. Mgonjwa hutapika, shingo hukakamaa, mwanga humuumiza macho. Wengine huzimia au hupata degedege. Takriban theluthi moja ya wanaopatwa hufariki, na watu 10 hadi 15 katika kila 100 hufa kabla ya kuiona hospitali.

Aliyenusurika siku ya kwanza bado ana hatari tatu mbele yake. Ya kwanza ni kuvuja tena: hatari hii ni kubwa kuliko zote ndani ya saa 24 za mwanzo, kisha huendelea kwa kiasi cha asilimia 1 hadi 2 kila siku kwa wiki mbili hivi, na mshipa ukivuja mara ya pili wachache hupona. Ya pili ni maji ya ubongo kukosa njia na kujaa ndani ya fuvu. Ya tatu hujitokeza kati ya siku ya 4 na ya 14, mishipa inaposinyaa kwa sababu ya damu iliyoizunguka, na sehemu za ubongo kukosa hewa. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akizungumza vizuri siku ya tatu anaweza kupooza upande mmoja siku ya saba.

Vinavyochochea ugonjwa huu vinajulikana: presha, sigara, historia ya ukoo, na baadhi ya magonjwa ya figo ya kurithi. Wanawake huugua zaidi ya wanaume. Kwetu Kanda ya Ziwa kuna jambo la kuongeza. Selimundu ni ugonjwa mkubwa katika eneo hili, na wenye selimundu hupata uvimbe wa mishipa ya ubongo wakiwa na umri mdogo, mara nyingi zaidi ya mmoja kwa wakati.

Kwa muda mrefu vitabu vya tiba viliandika kwamba Waafrika hawapati sana anurizimu. Profesa Julius Ogeng'o wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walichapisha mwaka 2009 uchambuzi wa wagonjwa wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, ukaonyesha kwamba ugonjwa huo upo hapa hapa Afrika Mashariki na unafuata sura yake inayotambulika. Palipokosekana kipimo, ugonjwa ulionekana haupo. Wengi waliandikiwa kifo cha ghafla, kiharusi, au sababu isiyojulikana, wakazikwa.

Saa za kwanza, mlimani

Mabatini ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, ndani ya Jiji la Mwanza. Kutoka huko hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na yenye vitanda zaidi ya 900, ni mwendo wa kilomita chache. Wapo Watanzania mamilioni wanaotamani ujirani wa namna hiyo.

Ila nyumba nyingi za pande hizi zimepanda mlimani, zikijibana katikati ya majabali. Njia ni vichochoro na ngazi zilizochongwa kwenye mawe, na bajaji huishia chini. Mgonjwa asiyejitambua hukalishwa kwenye kiti cha plastiki au hulazwa juu ya blanketi. Vijana wanne hushika pembe na kushuka naye hatua kwa hatua. Mmoja hutangulia akiwaonya wenzake penye utelezi, mwingine huzuia kichwa kisining'inie. Mvua ikinyesha, kazi hiyo hula muda ambao mgonjwa hana.

Na mara nyingi hata kumbeba kunachelewa, kwa kuwa hakuna aliyedhani ni jambo la hospitali kubwa. Chukulia mama lishe wa miaka 40 na kitu, alfajiri anachochea moto wa chapati. Ghafla anashika kisogo, anatapika, anakaa chini. "Pole dada, hiyo malaria imekupanda kichwani," jirani anamwambia. Analetewa panadoli, mtoto anatumwa duka la dawa akanunue diklofenaki. Zahanati inampima malaria, na katika ukanda huu, ambao una malaria kuliko sehemu nyingi za nchi, kipimo kinaweza kweli kuonyesha vimelea. Hapo mjadala unaisha. Anapewa dawa ya mseto na kurudi nyumbani. Maumivu yakipungua kidogo siku ya pili, kila mtu anaamini dawa imefanya kazi. Siku ya tano anaanguka.

Jirani yule hana kosa. Alisema jambo ambalo mara tisa katika kumi lingekuwa sahihi. Mhudumu wa zahanati naye alifuata mwongozo wake. Kinachokosekana ni swali moja la kumuuliza kila mgonjwa wa kichwa: maumivu yalianzaje? Kichwa cha malaria huja na homa na hupanda taratibu. Kichwa cha mshipa uliopasuka huja mara moja, na mgonjwa mwenyewe huweza kukuonyesha alikuwa amesimama wapi kilipompiga. Swali hilo halihitaji umeme wala bajeti. Linahitaji kufundishwa kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, wauza dawa, na kila kliniki ya presha.

Diklofenaki na aspirini nazo zitajwe wazi. Dawa hizi huizuia damu isigande vizuri. Kwa mtu ambaye mshipa wake umezibwa na bonge dogo la damu, kumpa dawa hizo ni kumwongezea hatari.

Muda una gharama hata kwenye kipimo. Picha ya CT ya kichwa ikipigwa ndani ya saa 6 tangu maumivu yaanze, kwa mashine nzuri na msomaji mzoefu, karibu kila damu iliyomwagika huonekana. Baada ya wiki moja, kiasi cha nusu ya wagonjwa picha yao huweza kutoka safi, ilhali mshipa umepasuka kweli. Hapo ndipo daktari huhitaji kuchukua maji ya uti wa mgongo ili aone kama yamegeuka rangi. Aliyeletwa Jumatatu na aliyeletwa Jumatatu ijayo huingia kwenye mashine ile ile, na mmoja wao huweza kuambiwa hana kitu.

Vifaa vinavyoingia kupitia mshipa

Daktari wa Marekani Walter Dandy ndiye aliyeweka klipu ya kwanza kwenye shingo ya uvimbe wa namna hii, mwaka 1937. Miaka kumi kabla yake, Egas Moniz wa Ureno alikuwa amepiga picha za kwanza za mishipa ya ubongo kwa kudunga dawa inayoonekana kwenye eksirei. Miaka ya 1970, Fedor Serbinenko wa Moscow alionyesha kwamba puto dogo laweza kupelekwa ndani ya mshipa wa kichwa na kuachwa humo. Kisha Guido Guglielmi, Mwitaliano aliyefanya kazi Los Angeles, akaja na koili: uzi laini wa platini unaojikunja wenyewe, ambao daktari anaweza kuuingiza, kuutoa na kuupanga upya, na akiridhika anaukata kwa umeme mdogo. Mgonjwa wa kwanza alitibiwa mwaka 1990, na Marekani iliidhinisha kifaa hicho mwaka 1995.

Kazi yenyewe huenda hivi. Mgonjwa amelala, amepewa dawa ya usingizi ili asitikisike hata kidogo. Mrija wa kwanza unaingizwa kwenye mshipa wa kinena, unapanda kifuani hadi shingoni. Ndani yake hupita mrija mwembamba zaidi, na ndani ya huo hupita waya ambao ncha yake daktari huizungusha kwa vidole viwili huku macho yake yakiwa kwenye skrini. Ncha ikifika kwenye mdomo wa uvimbe, mkono husimama. Kusogea milimita chache zaidi kunaweza kuutoboa ukuta uleule anaotaka kuuokoa. Koili ya kwanza husukumwa polepole na kufanya umbo la kikapu, za pili na tatu hujaza katikati, na damu iliyobaki humo huganda. Uvimbe haupokei tena msukumo.

Uvimbe wenye shingo nyembamba hukubali koili vizuri. Wenye shingo pana una shida, kwani koili huweza kuchomoza na kuuziba mshipa mkuu, na hapo ndipo vifaa vya msaada vinapoingia. Kipo kiputo kinachojazwa kwa muda mfupi kushikilia koili zisitoke. Ipo stenti, mrija wa wavu unaobaki mshipani kama ukuta wa kudumu. Upo wavu mzito wa kugeuza mkondo wa damu ili uvimbe unyaukie pembeni; huo uliidhinishwa Marekani mwaka 2011. Na kuna kifaa cha WEB, kikapu kidogo cha nyuzi za chuma kinachofunguka ndani ya uvimbe wenyewe.

Kwa mshipa uliokwisha kupasuka, tofauti kati ya vifaa hivyo si ndogo. Stenti na wavu wa kugeuza damu vikikaa ndani ya mshipa mkuu, damu hutaka kuganda juu yake. Mgonjwa hulazimika kumeza aspirini pamoja na klopidogreli kwa miezi, dawa mbili za kuzuia damu isigande, wakati kichwani ana damu mbichi na huenda akahitaji kutobolewa fuvu ili maji yatoke. Ndiyo maana wataalamu wengi hukwepa vifaa hivyo katika siku za mwanzo na kutumia koili pekee, au koili na kiputo, ili kuituliza hatari, kisha humalizia kazi baadaye. WEB inavutia kwa sababu hukaa ndani ya uvimbe na kwa kawaida haidai dawa mbili. Utafiti wa CLARYS, uliofanyika Ufaransa na Ujerumani kwa wagonjwa 60 wenye uvimbe uliopasuka, haukuona hata mmoja aliyevuja tena ndani ya mwaka mmoja. Ni matokeo ya kutia moyo, ingawa wagonjwa 60 waliochaguliwa kwa umbo la uvimbe wao hawatoshi kutoa hukumu ya mwisho.

Ushahidi na mipaka yake

Utafiti uliogeuza mkondo ni ISAT, ulioongozwa kutoka Oxford, Uingereza, na matokeo yake ya kwanza yakachapishwa mwaka 2002. Wagonjwa 2,143 waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine koili, wengine klipu. Baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki tegemezi walikuwa asilimia 23.7 upande wa koili na asilimia 30.6 upande wa klipu. Ufuatiliaji wa muda mrefu wa wagonjwa wa Uingereza, uliochapishwa mwaka 2015, ulionyesha kwamba baada ya miaka 10 walio hai walikuwa asilimia 83 kwa koili na 79 kwa klipu.

Koili ina upungufu wake. Hujikunyata kadiri muda unavyopita na uvimbe huweza kufunguka upya. Katika utafiti huohuo, waliohitaji kurudia tiba walikuwa asilimia 17.4 kwa koili na asilimia 3.8 kwa klipu. Kwa hiyo aliyewekewa koili anahitaji kurudi kupigwa picha, mara kadhaa, kwa miaka. Kwa mkazi wa Oxford hilo ni safari ya basi. Kwa mvuvi wa kisiwa cha Ukara ni boti, gari na ndege, na nauli ambayo hakuna aliyemwambia aanze kuiweka.

Jambo kubwa zaidi ni swali lenyewe ambalo ISAT iliuliza. Iliwalinganisha watu waliokuwa na koili na klipu mkononi, katika hospitali moja, ndani ya siku chache, na ambao madaktari waliona wangefaa kwa njia zote mbili. Wengi walikuwa na hali nzuri na uvimbe mdogo. Kwa mgonjwa aliyelala Bugando, uchaguzi haujakaa hivyo. Unaweza kuwa klipu kesho au koili wiki ijayo Dar es Salaam, na kwa wengi ni kusubiri au kukosa kabisa. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2023 unataka uvimbe uliopasuka uzibwe mapema iwezekanavyo, ikiwezekana ndani ya saa 24. Faida ya koili dhidi ya klipu ni ya watu 7 katika 100. Kumngojesha mtu wiki nzima bila kumziba kunaweza kuila faida hiyo yote. Palipo na daktari wa upasuaji wa ubongo anayejua kuweka klipu, kumwacha mgonjwa asubiri kifaa cha kisasa kwa sababu tu ni cha kisasa ni kumdhulumu.

Kuna pia tiba isiyohitaji chumba chochote. Nimodipini, kidonge cha kumeza, ilipimwa Uingereza katika utafiti uliochapishwa mwaka 1989. Wagonjwa waliokuwa na hali mbaya mwishoni walishuka kutoka asilimia 33 hadi 20. Dozi ni miligramu 60 kila baada ya saa 4 kwa siku 21. Kwa vidonge vya miligramu 30, hivyo ni vidonge 252, na muuguzi anapaswa kumwamsha mgonjwa saa sita usiku na saa kumi alfajiri ili ameze. Dawa hiyo ikikatika kwa siku mbili kwa sababu famasia imeishiwa, hakuna koili itakayofidia. Kwa upande mwingine, dawa ya treneksamiki, ya bei nafuu na ya msaada mkubwa kwa mama anayevuja damu baada ya kujifungua, haikuleta nafuu katika ugonjwa huu. Utafiti wa ULTRA wa Uholanzi, wa mwaka 2021, ulionyesha hivyo kwa wagonjwa zaidi ya 900. Ni vizuri kujua pia pa kutotupa fedha.

Tulicho nacho tayari

MOI ilianzishwa kama taasisi mwaka 1996, na ndiko madaktari wengi wa upasuaji wa ubongo nchini walikofundwa. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Muhimbili, MUHAS, kwa kushirikiana na wataalamu wa Yale wa Marekani, kilianza mafunzo ya tiba kwa njia ya mishipa na sindano inayoongozwa na picha. Wahitimu watatu wa kwanza walimaliza mwaka 2021. Kazi yao kubwa imekuwa kwenye figo, ini na uzazi, lakini mkono unaojua kuongoza waya kwenye mshipa wa figo umeshapiga hatua ya kwanza kuelekea ubongo.

Kwamba ujuzi wa kichwa unafundishika nje ya majiji makubwa, Tanzania ilishaonyesha. Mwaka 2006, katika Hospitali ya Haydom mkoani Manyara, daktari Dilan Ellegala kutoka Marekani alimfundisha Emmanuel Mayegga, daktari msaidizi wa hospitali hiyo, upasuaji wa ubongo wa dharura. Mayegga akaendelea na kazi, na akawafundisha wengine. Anurizimu ni kazi ngumu zaidi ya hiyo, na inataka miaka ya mafunzo. Somo la Haydom ni kwamba mgeni akija na ujuzi, kipimo chake ni kile anachokiacha mikononi mwa wenyeji.

Mwanza nayo haianzii sifuri. Bugando ina chuo kikuu cha tiba, CUHAS, kilicho kando yake. Taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, NIMR, na kitengo cha utafiti cha MITU wamepima presha kwa miaka mingi katika vijiji na mitaa ya kanda hii, wakikuta watu wengi wenye presha wasiojijua, na wengi wanaojua lakini hawamezi dawa. Huo ndio udongo ambao kiharusi cha kila aina huota. Utafiti mkubwa wa kiharusi wa wilaya ya Hai na Dar es Salaam, uliochapishwa mwaka 2010, ulikuta wagonjwa wapya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka huko Hai, na 315.9 Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilikuwa miongoni mwa vikubwa kupata kuripotiwa duniani.

Usafiri pia una mfano wa nyumbani. Mpango wa m-mama wa kuwakimbiza wajawazito na watoto wachanga hospitalini ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuenea nchi nzima. Anayepiga 115 huunganishwa na gari, na pasipo na ambulensi hupelekewa dereva wa kawaida aliyesajiliwa na kulipwa. Na tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli, la kilomita 3 kati ya Kigongo na Busisi, limemwondolea mgonjwa wa Geita na Sengerema kukaa kwenye foleni ya kivuko.

Je, kuna wagonjwa wa kutosha?

Kuna hoja kwamba tiba hii ni ya wachache mno kiasi cha kutohitaji chumba nje ya Dar es Salaam. Tuipige hesabu. Kwa Sensa ya 2022, mikoa ya Mwanza, Geita, Kagera, Mara, Simiyu na Shinyanga ina watu zaidi ya milioni 16. Wastani wa dunia wa kuvuja damu kwa namna hii ni kama watu 6 kwa kila 100,000 kwa mwaka. Hiyo ingetoa wagonjwa wapatao 1,000. Watu wetu ni vijana kuliko wa Ulaya, basi tukate nusu: 500. Tuseme ni mmoja tu kati ya watano anayefika Bugando akiwa hai na kutambuliwa: 100 kwa mwaka.

Ni makadirio, na uandikishaji makini wa wagonjwa ndio utakaoyasahihisha. Lakini mwongozo wa Marekani wa mwaka 2012 ulizitaja hospitali zenye wagonjwa zaidi ya 35 kwa mwaka kuwa ndizo za kupokea rufaa, kwa sababu mikono inayofanya kazi hii mara kwa mara huua wachache. Hata kwa hesabu ya kubana, Kanda ya Ziwa inavuka kiwango hicho. Hesabu hiyohiyo inaonyesha pengo liliko: kati ya 500 na 100 kuna watu 400, na hao hawaokolewi na mashine yoyote iliyo juu ya kilima cha Bugando.

Mpangilio ninaoutetea

Kwanza, kila mhudumu wa zahanati, duka la dawa na kliniki ya presha Nyamagana na kwingineko afundishwe swali la maumivu ya ghafla. Anayejibu ndiyo apelekwe moja kwa moja kwenye CT, hata kama kipimo cha malaria kimetoa majibu. Rufaa ya kupanda ngazi moja moja, zahanati, kituo cha afya, wilaya, mkoa, kanda, isimhusu.

Pili, simu ya 115 ifunguliwe kwa kiharusi na majeraha ya kichwa. Madereva wapo na malipo yao yana utaratibu. Kwa mitaa ya mlimani, serikali za mitaa ziwe na machela mbili tatu na vijana waliofundwa namna ya kushuka na mgonjwa bila kukunja shingo yake.

Tatu, nimodipini isikosekane, presha idhibitiwe kwa uangalifu, na kila hospitali ya rufaa iweze kutoboa na kutoa maji ya ubongo usiku wa manane. Klipu ipewe heshima yake na vifaa vyake.

Nne, picha za CT zisomwe na Bugando na MOI kwa pamoja ndani ya saa moja. Anayefaa koili apandishwe ndege, safari ya saa moja na nusu, kabla kesho yake haijaisha, na nauli na kitanda viwe vimeshapangwa. Familia isianze kuuza kiwanja au kuchangisha kwenye makundi ya simu wakati damu inavuja. Koili moja hugharimu mamia ya dola, uvimbe mmoja hutumia kadhaa, na stenti au wavu wa kugeuza damu hufika maelfu. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itapimwa na watu kwa mambo kama haya: kama koili imo kwenye kifurushi, na kama ununuzi wake unafanyika kwa pamoja kitaifa ili bei ishuke.

Tano, na sambamba na yote hayo, madaktari, wauguzi na mafundi wa picha wa Bugando waanze kupelekwa mafunzoni sasa, kwani kumpata mtaalamu mmoja huchukua miaka. Chumba cha anjio kitakachojengwa Mwanza kitoshe moyo na ubongo, kizuie damu kwa mama aliyejifungua, kitibu uvimbe wa kizazi, na kivute mabonge ya damu kwa wenye kiharusi cha kuziba. Mashine inayotumiwa na idara moja pekee hukaa bila kazi, na isiyo na fundi wala bajeti ya vipuri huharibika kabla ya kuzoeleka.

Wapo watakaosema huu ni mzigo wa anasa katika nchi ambayo bado inapambana na malaria na vifo vya uzazi. Naiheshimu hoja hiyo, maana fedha ni zilezile. Lakini hatua nne za kwanza si za anurizimu peke yake. CT ya haraka ndiyo inayomtambua kijana wa bodaboda aliyegonga kichwa barabara ya Nyerere. Gari la 115, kitanda cha uangalizi maalumu na daktari wa kutoa maji ya ubongo humhudumia huyo, mwenye kiharusi cha presha, na mtoto mwenye kichwa kikubwa. Ukijenga njia ya mgonjwa wa mshipa uliopasuka, umejenga njia ya kila dharura ya kichwa.

Basi viongozi wa Kanda ya Ziwa wanapodai chumba cha anjio, na wakidai, hoja yao ije na orodha ya mambo mawili yanayopimika: wagonjwa wangapi wa maumivu ya ghafla wamepata CT ndani ya saa 6, na wangapi wamezibwa mshipa ndani ya siku 3, kwa klipu au kwa koili. Takwimu hizo mbili zitangazwe kila mwaka. Zikipanda, chumba kitakapofunguliwa Mwanza kitawakuta wagonjwa wakiwa hai. Zisipopanda, tutakuwa na jengo zuri sana juu ya kilima, na mama lishe wa Mabatini ataendelea kufa na cheti cha malaria.